Kabla ya Kuchimba Bwawa

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu ya maji yanayotumiwa na watalii katika pwani ya Unguja. Mgeni wa hoteli kubwa alitumia wastani wa lita 931 kwa siku. Mgeni wa nyumba ndogo ya kulala wageni, lita 248. Si kwamba huyu wa gesti alikuwa haogi. Nusu ya maji ya hoteli kubwa yalikwenda kumwagilia bustani, kwa sababu ardhi ya maweni haishiki maji, na majani na maua yaliyoletwa kupamba hayavumilii jua la Januari. Mengine yaliishia kwenye mabwawa ya kuogelea.

Takwimu hizo ni za zamani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na ufukwe wa Paje wa leo si ule aliouona Gössling. Lakini pengo lile kati ya 931 na 248 ndilo ningependa kila familia yenye hoteli ya vyumba sita, minane au kumi, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, ilitazame kabla ya kufungua mkoba. Ushauri mwingi kuhusu utalii rafiki kwa mazingira huiambia familia inunue kitu: paneli, mtambo, cheti. Mimi naona hoteli ya familia inaanza ikiwa mbele tayari. Iko mbele kwa sababu ni ndogo, haina bwawa, haina uwanja wa majani, na mpishi anajua leo wamelala wageni wangapi. Hatari yake ni kwamba pesa zikiingia, jambo la kwanza inalotamani ni kufanana na jirani mkubwa.

Tuanze kisimani, maana pwani ya mashariki mambo yote huanzia hapo. Chini ya mawe yale ya matumbawe, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Tabaka la maji matamu ni jembamba karibu na ufukwe na linanenepa kuelekea ndani ya kisiwa. Wanajiolojia wana kanuni moja ya kutisha kidogo: usawa wa maji matamu ukishuka kwa mita moja, mpaka wa chumvi ulio chini unaweza kupanda kwa takriban mita 40. Ndiyo maana kisima kinaweza kutoa maji mazuri miaka kumi, kisha katika kiangazi kimoja, hoteli tatu zikiwa zimejaa na pampu zikiunguruma usiku kucha, chai ikaanza kuonja chumvi. Na kisima hicho mara nyingi si cha hoteli peke yake. Jirani anachota maji yale yale, hata kama ana shimo lake mwenyewe, kwa kuwa chini ya ardhi hakuna ukuta. Ripoti ya shirika la Uingereza la Tourism Concern ya mwaka 2012, iliyoangalia Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ilikadiria kaya ya kijijini inatumia lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195.

Hapa pampu yenyewe ina neno la kusema. Mafundi wengi hupendekeza pampu kubwa inayojaza tangi kwa saa moja, kwa sababu umeme unakatika na ni vyema kuwahi. Pampu ya namna hiyo huvuta maji kwa nguvu mahali pamoja, na chumvi hupanda juu chini yake. Pampu ndogo inayovuta polepole tangu asubuhi hadi alasiri hukitendea kisima kwa upole zaidi, na kwa bahati njema hivyo ndivyo pampu ya sola ifanyavyo kazi: jua likichomoza inaanza, likizama inapumzika. Haihitaji betri, kwa sababu akiba yake ni maji yaliyokwisha kupanda tangini. Katika vifaa vyote vya sola ambavyo familia inaweza kununua, ningeweka hiki mbele ya paneli za taa.

Halafu mvua. Tuchukue hoteli ya vyumba vinane yenye wageni kumi kwa wastani wa mwaka. Kwa lita 248 kila mmoja, inatumia karibu lita 2,500 kwa siku. Paa la mita za mraba 200, mahali panapopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, linapokea lita 200,000. Tukitoa zinazomwagika na zinazokauka, zinabaki 160,000 hivi, yaani matumizi ya miezi miwili. Si haba, ila kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu hiyo nzuri. La kwanza ni msimu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, wakati vyumba viko vitupu na wafanyakazi wamerudi makwao. Wageni huja Julai na Agosti, na tena kuanzia Desemba. Mvua inakuja na kuondoka kabla ya mwenye kuihitaji. Tangi la lita 50,000 likijaa mwishoni mwa Mei litatosha siku ishirini tu kwa wageni kumi, na pungufu ya hapo msimu wa juu vyumba vikijaa. Kwa hiyo maji ya mvua hayawezi kuwa badala ya kisima. Yanafaa kuwa akiba ya kukipumzisha kisima pale kinapozidiwa, na ya kufulia, kwa sababu maji ya mvua hayana chokaa na sabuni hutoa povu upesi.

La pili ni makuti. Mgeni anayapenda, paa lake ni baridi, na wanaosuka makuti wanapata riziki. Lakini maji yanayotiririka kwenye makuti yana rangi ya chai, na yana vumbi na wadudu. Bati linakusanya maji safi, ila linapika chumba kilicho chini yake. Njia wanayopita wenye busara ni kugawa: makuti kwenye mgahawa na baraza za wageni, bati, likiwa na dari nzuri na mifereji, kwenye jiko, stoo, sehemu ya kufulia na nyumba za wafanyakazi. Mgeni haoni bati hata siku moja, na tangi linajaa.

Anayetaka kuona jambo hili lilivyofanywa hadi mwisho wake aende Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi ya Mji Mkongwe. Hakuna maji matamu pale. Tangu 1998 kuna nyumba saba za wageni ambazo kila moja inakusanya mvua kwenye paa lake na kuihifadhi kwenye tangi lililojengwa chini ya sakafu. Maji ya kuogea yanapita kwenye vitanda vya mimea kabla ya kuingia ardhini, vyoo havivutwi kwa maji bali vinageuza uchafu kuwa mboji, umeme na maji ya moto vinatoka kwenye jua. Sisemi kila familia ya Jambiani iige vyoo vile. Chumbe ni hifadhi, wageni wake wanalipa bei kubwa na wanakuja wakijua wanakokwenda. Linalofaa kuigwa ni mpangilio wa kazi: pale waliuliza maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi kabla ya kuuliza chumba kitapakwa rangi gani.

Yatakwenda wapi. Swali hili ndilo linalokwepwa zaidi, na nalielewa: hakuna anayepiga picha karo. Hoteli nyingi ndogo zina shimo lisilosakafiwa, na mwenyewe atakuambia kwa fahari kwamba halijawahi kujaa. Shimo lisilojaa kwenye ardhi ya mawe yenye matundu halina cha kujivunia. Maana yake uchafu umepata njia, na njia hiyo inaelekea kwenye kisima cha mtu au baharini. Baharini, ndani ya mwamba, ndiko wanawake wa Paje na Jambiani wanakolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kilimo chao kimeshaumizwa vya kutosha na joto la maji. Maji ya choo yakiingia humo yanarutubisha majani yasiyotakiwa, na matumbawe yanafunikwa.

Dawa inajulikana na si ya ajabu. Karo lililosakafiwa, lenye chemba mbili au tatu, ambamo uchafu mzito unatuama. Kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete au migomba, ambamo maji yanasafishwa na mizizi. Kisha maji hayo yanakwenda chini ya miti. Likitenganishwa bomba la bafu na bomba la choo tangu ujenzi, kazi inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu maji ya bafu ni mengi na uchafu wake ni kidogo. Hapo bustani, ile ile iliyokuwa ikimeza nusu ya maji ya hoteli kubwa, inanyweshwa maji yaliyokwisha kutumika. Kutenganisha mabomba wakati wa kujenga ni gharama ya mabomba tu. Kufanya hivyo baadaye ni kuvunja sakafu za vyumba vyenye wageni. Karo lenye chemba lazima pia linyonywe na gari kila baada ya miaka kadhaa, na familia ijue kwanza kama gari hilo linaweza kufika nyuma ya nyumba, na linakwenda kumwaga wapi.

Umeme nitaupitia haraka kidogo, kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana. Unguja hupokea umeme wake kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 waya huo uliharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukaharibika tena, na safari hii giza lilidumu takriban miezi mitatu. Waya mpya ulikuja 2013, lakini majenereta yalikuwa yameshazoeleka. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo inatoa uniti tatu hivi za umeme, na inatoa hewani kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Ni umeme ghali kuliko wote unaoweza kununuliwa kisiwani, tena una kelele.

Mlaji mkubwa ni kiyoyozi. Feni ya dari inakula wati 60 au 70. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, wati 1,000 hivi kinapovuta. Nyumba za kale za pwani yetu zilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, na matundu ya kupitisha upepo. Vyumba vipya vingi vina kuta za tofali jembamba, zege juu, na dirisha la kioo la kuteleza ambalo nusu yake haifunguki kamwe. Chumba cha hivyo lazima kipozwe kwa mashine, hata kama nje kusi inavuma moja kwa moja kutoka baharini. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye dari, kivuli, madirisha ya kufunguka pande mbili na chandarua kinachofunika kitanda chote. Pesa ya pili iende kwenye feni bora. Kiyoyozi kiwepo kwa anayekitaka, cha aina ya inveta, na kilipiwe kando. Gesti nyingi zimekuwa zikifanya hivyo tangu zamani: chumba cha feni bei hii, cha AC bei ile. Watu walidhani ni umaskini, kumbe ni sera nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa na washauri.

Maji ya moto yana hesabu rahisi. Lita 40 za kuoga, kutoka nyuzi 27 hadi 40, zinahitaji uniti 0.6 ya umeme. Wageni kumi wakioga mara mbili ni uniti 12 kwa siku, na kazi hiyo yote jua linaweza kuifanya kwa tangi jeusi na vioo juu ya paa, bila inveta wala betri. Baada ya yote hayo ndipo paneli zinunuliwe, zikiwa chache, kwa sababu mahitaji yamepungua. Familia inayoanza na paneli hununua nyingi ili ziendeshe ubovu wa jengo.

Jikoni ndiko hoteli ya familia inakoishinda hoteli kubwa bila jasho. Hoteli kubwa hupanga vyakula mezani kwa ajili ya watu wasiojulikana watakula nini, na kinachobaki kinatupwa. Kwenye hoteli ndogo mama anauliza asubuhi: usiku mtakula samaki au kuku? Kisha kijana anakwenda ufukweni ngarawa zinaporudi na kununua changu watano, si kumi. Hilo peke yake linaokoa chakula, gesi na barafu. Ningeongeza kwamba menyu ina nguvu juu ya bahari. Katika vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, wavuvi na wanawake wanaochokoa pweza wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa miezi ili pweza akue, wakisaidiwa na mashirika kama Mwambao. Hoteli inayonunua kipweza cha kiganja cha mkono kwa sababu mgeni kaagiza pweza leo inabomoa kazi hiyo. Menyu ikiandikwa kwa chaki, pweza anaweza kukosekana na hakuna anayelalamika.

Taka zinazobaki nazigawa mafungu mawili. Maganda na mabaki ni chakula cha kuku na mboji ya mchicha. Hilo halihitaji mtaalamu. Chupa ndiyo kazi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na tatu kabla ya Bara, lakini chupa za maji zimeendelea. Wageni kumi, chupa mbili kila mmoja kwa siku, ni chupa 7,300 kwa mwaka kutoka kwenye nyumba moja ya vyumba vinane. Dumu kubwa la maji ya kunywa lenye bomba, na mtungi wa kioo chumbani, vinaondoa karibu zote. Kwa chupa za vioo, kampuni ya Chako inazigeuza kuwa glasi na taa, na kampuni ya Zanrec inakusanya taka za mahoteli kwa malipo. Familia nyingi huona malipo hayo ni makubwa, kisha zinachoma taka nyuma ya ukuta, moshi unaingia kwa jirani. Vijana wa hoteli mbili tatu za karibu wakikubaliana kuita gari moja, bei inagawanyika.

Na vyeti? Kenya walikuwa na mpango wao mapema: Ecotourism Kenya ilianzishwa 1996, na tangu 2002 imekuwa ikipima hoteli na kuzipa daraja la shaba, fedha au dhahabu. Cheti cha Green Key kilianzia Denmark mwaka 1994 na sasa kiko nchi nyingi. Ni kazi ya heshima, lakini ada na makaratasi yake vinaweza kumlemea mwenye vyumba vinane. Ushauri wangu ni kuchukua orodha yao ya masharti, kuifanyia kazi, na kuahirisha kibandiko. Mgeni anayelala kwako siku tano ataona mwenyewe. Tena mgeni huyo amekuja kwa ndege kutoka Ulaya, safari ya kwenda na kurudi iliyotoa zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi, na hakuna feni itakayofuta hilo. Mwenye hoteli anachoweza kufanya ni kumpa bei nafuu akikaa wiki mbili badala ya siku tatu. Safari ni ile ile, mapato ni makubwa zaidi, na mashuka yanafuliwa mara chache.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba hoteli ina mwenyewe mmoja anayeamua. Hoteli ya familia haiko hivyo, na hapa ndipo mipango mizuri hukwama. Kwanza, hesabu za nyumba na za hoteli zimechanganyika: pampu moja, mita moja ya umeme, gesi moja ya jikoni. Hakuna anayejua chumba kinakula kiasi gani, kwa hiyo hakuna anayeweza kuonyesha kwamba kuziba choo kinachovuja kumeokoa chochote. Mita ndogo za maji, moja ya vyumba, moja ya jiko na kufulia, moja ya nyumba ya familia, na daftari linaloandikwa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, vina faida kuliko kifaa chochote nilichokitaja. Mara nyingi mita ya kwanza kusomwa hufichua uvujaji ambao umekuwepo miaka.

Pili, pesa zinatoka kwa watu walio mbali. Kaka yuko Muscat, dada yuko London, mjomba yuko Dar es Salaam. Anayetuma pesa anataka kuona picha ya alichokijenga, na karo halina picha. Anayeishi pale, anayejua kwamba kisima kimeanza kuwa na chumvi, mara nyingi ndiye mdogo au ndiye mwanamke, na kwenye kikao sauti yake inakuja mwisho. Nimeona bora kikao cha familia kianze na daftari: lita ngapi, uniti ngapi, chumvi imepanda au imeshuka. Kipimo cha chumvi ni kidude cha mkononi cha bei ndogo. Usomaji wa Februari na wa Septemba, miaka miwili mfululizo, unaweza kumjibu yule wa Muscat anayetaka vyumba vinne zaidi na bwawa, bila mdogo kumpinga mkubwa wake mbele za watu.

Tatu ni mirathi. Mzee akifariki, hoteli inakuwa ya warithi kumi na mmoja, na mwekezaji anajua kubisha hodi wakati huo. Hisa zikiuzwa, kazi ya miaka ishirini ya kulinda kisima inaishia kwenye bwawa la mtu ambaye hakuwahi kuonja maji yake. Waswahili wa pwani wana chombo cha zamani kwa ajili ya hali hii, nacho ni wakfu. Watu waliweka visima wakfu hata kabla ya utalii, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iko Zanzibar kusimamia mambo hayo. Mzee aliye hai anaweza kuweka wakfu kisima na njia yake, pamoja na bomba moja nje ya ukuta kwa ajili ya majirani, hata kama jengo lenyewe litagawanywa. Asiyetaka kufika huko aandike angalau makubaliano ya familia, mbele ya sheha na mwanasheria, yanayotaja idadi ya vyumba ambayo kisima kile kinaweza kubeba, na yanayomfunga yeyote atakayepangishwa au kuuziwa.

Makubaliano hayo yafanyike kabla ya kuitwa fundi wa bwawa, maana baada ya zege kumwagwa kikao kitahusu mkopo tu.